Maneno ya Mvinyo Nisiouonja

Nianze na lile ambalo watu wa Ibra, hapa Omani, wanalijua hata nisiposema: kwa tende ya mabsali, hakuna mdomo kama wangu kutoka hapa mpaka Al Qabil. Wapo wenye mashamba makubwa kuliko yangu. Wapo waliorithi zamu za maji ya falaji, mifereji yetu ya kale, tangu kwa mababu wa mababu zao, na mimi zangu nimezipata moja moja kwa jasho. Lakini ikifika siku ya kuamua tende zikatwe au zingoje, gari zao zinasimama mlangoni kwangu. Mimi niliyeishia darasa la nne huko Lindi natoka na kanzu ya nyumbani, naokota tende moja, naitafuna nimefumba macho, na wenye mashamba yao wananitazama mdomoni kama watu wanaongoja mwezi uandame.

Mabsali si tende ya kungoja ilainike. Inakatwa ingali ngumu, ya manjano, inachemshwa katika masufuria ya shaba ambamo mtu anaweza kuogea, kisha inaanikwa juani mpaka ikunjamane, na inapelekwa Bara Hindi. Ukiiwahi, ina ukakasi ambao moto hauutoi. Ukiichelewesha, inavurugika sufuriani ikawa uji. Katikati ya hapo pana siku chache tu, na siku hizo hazionekani kwa macho. Zinajulikana kwa ufizi.

Hilo neno, ukakasi, lishike, maana habari yangu yote imening'inia hapo. Ukakasi si uchungu. Uchungu unakaa nyuma ya ulimi, kama kwinini. Wala ukakasi si ugwadu. Ugwadu ni ule wa embe changa, unakujaza mate. Ukakasi unakunyang'anya mate uliyo nayo. Unashika ufizi na mashavu kwa ndani kama umelamba chokaa. Nililijua neno hili kabla sijajua kuandika jina langu, kwa sababu duka la baba lilikuwa katikati ya mikorosho na sisi watoto tulikula mabibo mpaka midomo ikakakamaa kama ngozi ya ngoma. Tulipohamia Omani sikuwa nimeota ndevu. Sikuja na cheti. Nilikuja na mdomo.

Nimepakia magunia pale Bidbid, njia ya Sur inapoachana na ya Nizwa, nikalala chini ya lori la mtu. Leo malori ni yangu, na nyumba nimeijenga mwenyewe, marumaru mpaka ngazi za nje. Mgeni akipita barabarani lazima aulize ya nani. Tangu mke wangu alipotangulia mbele ya haki naingilia mlango wa jikoni, kwa sababu ule mkubwa wa mbele ukiufungua unatoa mwangwi.

Yeye alikuwa wa Unguja, mtoto wa mjini hasa, na Kiswahili changu cha bara kilimchekesha mpaka mwisho. Lakini neno ukakasi tulikuwa nalo sote wawili. Alipoondoka, likabaki na mtu mmoja. Wanangu wa kiume wako Maskati, wanasema Kiarabu na wake zao na Kiingereza na watoto wao. Kwangu wanakuja na shikamoo, umekula, na baada ya hapo lugha imewaishia. Kwao kila kitu ni kali. Pilipili kali, ndimu kali, kahawa kali, tende kali. Wafanyakazi wangu ni watu wa Bangladeshi, tunaelewana kwa Kiarabu cha kuokoteza. Unaweza kukaa hapa wiki nzima, ukawa na watu mbele yako kutwa, na usitamke sentensi moja kamili.

Aliyebaki ni binti yangu, kitinda mimba. Serikali ilimpeleka Australia kusomea kilimo. Alipomaliza, shamba moja la zabibu likamchukua kwa mkataba wa msimu kwa msimu, huko kusini kwenye vilima vya baridi, ambako anasema asubuhi majani yanakuwa meupe kwa umande ulioganda. Mizabibu mingine pale ilipandwa kabla babu yangu hajazaliwa. Na zabibu zile, sikufichi, zinakamuliwa mvinyo.

Habari ilifika Nizwa kabla yangu. Huko yuko shemeji yangu, kaka wa marehemu, mstaafu wa wizara, Mzanzibari wa sawasawa, anayeongea kama anapanga vikombe kabatini. Nilikuwa nimekwenda kwenye soko la tende nikapita kwake kunywa kahawa, baraza imejaa wazee wenzake. Akaniacha mpaka nimeshika kikombe.

"Shemeji, weye ulitwambia mtoto kenda kusomea kilimo. Kumbe kasomea kilevi."

Wazee wakacheka. Nikamuuliza yeye alisomea nini hata akamaliza umri wake kugonga mihuri, wakacheka zaidi, na nikaondoka mshindi. Kutoka Nizwa kuja Ibra ipo njia ya kukatiza kwa Sinaw. Siku ile nilizunguka Bidbid, njia ndefu, kwa kuwa sikuwa na haraka ya kuufungua mlango wa jikoni.

Binti mwenyewe nilimuuliza kwa simu, na akanijibu bila kuzunguka. Mvinyo hautii kinywani. Kazi yake ni tunda lingali shambani, na kwenye mapipa ananusa tu. Dini naijua na jibu lake nalijua. Sikwenda kwa sheikh kutafuta upenyo. Nilimwambia nisingependa. Akasema anajua. Tukaachia hapo, kwa sababu neno moja zaidi lingeikata ile simu, na simu ile ndiyo iliyokuwa ikiniletea Kiswahili ndani ya nyumba.

Basi kazi ikamzidi. Walimweka kupokea wageni wanaokuja kuonja, awaeleze mvinyo huu ni wa namna gani na uende na chakula gani. Wenzake wanakunywa ndipo wanasema. Yeye ananusa, anakumbuka tunda lilivyokuwa mtini, na maneno yanamkatikia, maana maneno ya Kiingereza ya kazi ile yametoka kwenye matunda ya porini ya kwao ambayo yeye hakuyachuma utotoni. Ijumaa moja, nimetoka msikitini, akanipigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Vipi?"

"Baba, kuna harufu hapa, sijui niiite nini. Huu mvinyo mweupe, wa kilimani juu kwenye baridi kali. Nikiunusa tu mdomo unajaa mate."

"Ndimu?"

"Si ndimu. Kama jani lake."

"Limechumwa, au limefikichwa?"

Nikasikia ananusa. Nimesikia mambo mengi kwenye simu, lakini kusikia pua ya mwanangu ikifanya kazi upande wa pili wa dunia, hilo sikuwa nimelisikia.

"Limefikichwa," akasema.

"Basi waambie hivyo. Jani la ndimu lililofikichwa, na jiwe la falaji asubuhi, jua halijaligusa. Na waambie uende na samaki wa kuchoma."

Tukawa hivyo kila Ijumaa. Yeye ananusa, mimi nauliza, neno linapatikana. Mivinyo ya baridi tuliipa majani, mawe, komamanga lisilokomaa, mvua ya kwanza juu ya vumbi. Ule wa mizabibu mikongwe, mwekundu, ulitusumbua. Kila alilosema nikalikataa. Niliuliza mpaka nikafika mahali ambapo ni mimi niliyekuwa nakumbuka, si yeye. Nikamwambia: ndimu kavu iliyovunjwa, karafuu moja, si mbili, na sanduku la nguo lililofunguliwa baada ya muda mrefu.

Nikasikia ananusa tena.

"Sanduku la mama," akasema.

"Ehe. Hilo. Huo uende na nyama ya shuwa."

"Hawana shuwa huku, baba."

"Basi nyama yoyote iliyolala shimoni mpaka mfupa ukaachia."

Nikwambie jambo. Mimi sijapata kuuonja mvinyo, na Mungu anishuhudie, lakini nimeusifu mpaka watu wameununua. Wateja wakawa wanarudi kule wanauliza ule wa sanduku. Onyesha mwingine katika mkoa wetu wote wa Sharqiyah aliyefanya hivyo akiwa ameketi kwenye mkeka wake na birika la kahawa.

Mwezi wa saba, ambao kwao ni baridi na kwetu ni kipindi cha kuchemsha, akaja likizo. Nilimpokea Maskati, tukasimama Bidbid tukala mishkaki kwenye gari, akanicheka kwa namna ninavyouliza bei ya kila kitu. Nilipomfikisha Ibra sikumpeleka nyumbani kwanza. Nilimpeleka kwenye ghala. Ubavuni mwa ghala nilikuwa nimejenga chumba, kioo mbele, kiyoyozi, meza ya mbao nzito, na kiti cha ngozi kilichokuja kutoka Maskati kingali na nailoni yake. Nikamwambia hapa atakaa mtu atakayeurithi mdomo wangu.

Akakizunguka kile kiti. Akakigusa mgongo. Kisha akanieleza. Mwenye shamba lao ni bibi mzee aliyezaliwa palepale, na amemwambia msimu ujao siku ya kuchuma kile kipande cha mizabibu mikongwe ataitaja yeye, binti yangu. Akiipatia, atapewa kazi ya kudumu. Asipoipatia, mkataba unaisha na msimu.

"Na ukiisha?" nikamuuliza.

"Nitarudi, baba. Nitakaa kwenye hiki kiti."

Alisema vizuri, bila chuki. Lakini nilimwona alivyouondoa mkono kwenye ile ngozi.

Kesho yake alfajiri tukaenda shambani Al Qabil, masufuria yalikuwa yameshaanza kutoa mvuke. Nikamchumia mabsali changa, akaitafuna.

"Kali," akasema.

"Kali nini? Imekuchoma?"

"Chungu basi."

"Chungu wapi? Nyuma ya ulimi?"

Akatafuna tena, akakunja uso, na hapo akacheka peke yake. Akanambia kumbe ndivyo alivyoaibika msimu uliopita. Alimwambia yule bibi kwamba zabibu ni chungu, na bibi akamtazama, akatafuna, akaenda zake. Hazikuwa chungu. Lakini mtoto wa watu alikuwa na neno moja, na neno moja haliwezi kubeba mizigo mitatu. Makosa hayo si ya mzungu, wala si ya Mwarabu. Ni ya watoto wetu, waliotoa lugha yetu kwenye kabati wakakuta vyombo nusu.

Nikampa tende kutoka kichala kimoja. Moja changa, moja ya katikati, moja iliyotimia. Nikamwambia afumbe macho. Hii inafanya nini? Inaninyima mate. Hii je? Inashika ufizi, inashika mashavu, haitoki. Na hii? Akakaa nayo. Wafanyakazi wamesimama na vikapu wanatutazama.

"Hii inashika kidogo, halafu inaachia. Utamu unapita hapo ilipoachia."

"Ndiyo hiyo. Ikishika ikaachia, kata. Ikishika ikakaa, ngoja."

Akarudia lile neno, ukakasi, polepole, kwa ile sauti ya Unguja aliyoichukua kwa mama yake bila kujua. Siku zile zote za likizo nyumba ilikuwa na maneno. Ugwadu wa bamia, ukakasi wa ganda la komamanga, uchungu wa kahawa iliyoungua. Nilikuwa nikiingilia mlango wa mbele.

Akaondoka. Kiti nikakiacha na nailoni yake kisipate vumbi.

Msimu wao wa kuchuma zabibu kule kwenye baridi ni mwezi wa tatu kuingia wa nne. Asubuhi moja nimeketi mbele ya ghala, kahawa ndiyo imeiva, simu ikalia. Kwao ilikuwa alasiri. Nikaona shamba kwenye kioo cha simu, mashina meusi yamepinda kama vidole vya wazee, na nyuma yake wingu. Upepo ulikuwa unakula nusu ya maneno yake. Akasema wamepima sukari na sukari imefika. Mvua inakuja. Wote wanataka wachume kabla haijaziozesha. Bibi amesimama mwisho wa mstari, mikono mfukoni, hasemi.

"Nimetafuna mpaka sijui natafuna nini. Baba, nimechanganyikiwa."

Mahali nilipokaa, kile chumba cha kioo kiko mbele yangu. Kiti kinaonekana, nailoni inang'aa. Ningeweza kumwambia, mwanangu, mimi niko Ibra, zabibu ziko mdomoni mwako, mimi nitajuaje? Na ingekuwa kweli tupu. Hakuna ambaye angenilaumu. Angechuma siku ile pamoja na wenzake, na mimi ningekwenda tena uwanja wa ndege kumpokea mwaka uleule.

Lakini mdomo huu haujapata kuulizwa ukanyamaza.

"Mate?" nikamuuliza.

"Hakuna."

"Inashika wapi?"

"Ufizi. Na mashavu."

"Inaachia?"

Nikamsikia anatafuna. Upepo ukapita. Nikasikia anatafuna tena.

"Haiachii."

"Sema basi yenyewe ni nini."

"Ina ukakasi, baba. Ina ukakasi bado."

"Unalo jibu lako."

Akageuka, nikamsikia akiwaambia kwa Kiingereza, na Kiingereza cha kiasi hicho nakielewa: wangoje. Watu wakaguna. Baadaye ndipo aliponieleza kwamba yule bibi alitoa mkono mfukoni akaufungua, na ndani yake mlikuwa na maganda na mbegu alizotema mstari mzima. Naye alikuwa ametafuna. Alikuwa na jibu lake tangu mwanzo, alitaka kulisikia kwa mwingine. Nilipoambiwa hivyo nilimpenda yule mzee nisiyemjua. Nikafikiri, naye labda ana nyumba kubwa.

Siku zile za kungoja nilikuwa naangalia hali ya hewa ya Australia kwenye simu kuliko ya kwetu. Jioni moja baada ya swala nikanyanyua mikono niombe, nikakaa nayo hewani. Mvua inyeshe, au isinyeshe? Nikajipangusa uso nikainuka.

Mvua ilikwenda bonde jingine. Ukakasi ukaachia, wakachuma, na mvinyo ulipokamuliwa yule bibi akasema hajanusa kama ule kwa miaka mingi. Binti yangu akanipigia, na kabla hajasema nilijua, maana alikuwa anacheka kwenye shikamoo.

"Wamenipa, baba."

"Mashallah. Nilikwambia mimi. Mdomo wa nani huo?"

"Wako, baba."

Nikaenda Nizwa makusudi, sikuwa na shughuli sokoni siku ile. Nikaiweka habari yote mbele ya shemeji na wazee wake, na sikupunguza kitu, niliongeza. Kwamba shamba zima la wazungu lilisimama likisubiri mtu wa Ibra amalize kunywa kahawa yake. Kwamba kama mizabibu ina masikio basi sasa inajua Kiswahili. Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Shemeji naye akacheka. Nilipokuwa navaa viatu akanifuata mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa akimsemesha nayo dada yake.

"Na nyumbani sasa nani yupo, shemeji?"

Nikamwambia nyumba imejaa. Nikazunguka Bidbid.

Kuchemsha kumefika tena. Juzi nilitafuna ya kwanza, ikashika, ikaachia. Nikageuka nikasema kwa sauti, ukakasi umeachia huo. Msimamizi wangu wa Kibangladeshi akaniuliza, khalas? Nikamwambia khalas. Wakaanza kukata. Kwenye kile chumba cha kioo nimeweka magunia, lakini kiti nimekiacha, na magunia hayakigusi.

Ijumaa bado ananipigia. Siyo zote. Wiki iliyopita nilimuuliza mwenyewe, huo mvinyo mpya wa mizabibu mikongwe unanukaje? Akanieleza. Ganda la ndimu kavu, akasema, na moshi wa udi ulioshika kwenye nguo jana, na ugwadu kidogo mbele, na ukakasi unaokuja ukakushika mkono halafu ukakuacha uende. Akaeleza kutoka mwanzo mpaka mwisho kwa Kiswahili kilichonyooka, hakuniuliza hata neno moja. Kisha akasema basi baba, nikuache, wageni wamefika.

"Umekosea moja," nikamwambia.

"Lipi, baba?"

Hakuwa amekosea. Nililitafuta kosa, sikuliona.

"Ngoja kwanza," nikasema. "Hebu anza tena mwanzo, polepole."

Nikasikia anavuta kiti, anakaa.